Kifurushi Ambacho Bi Zabibu Hakukifunga

Nianze kwa kusema wazi kwamba siwapendi mateja, ili mtu asije akadhani nimeandika haya kwa sababu nina moyo laini. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Miembeni, Bukoba. Kibanda changu kinatazama barabara, na karibu kila kitu kilichowahi kuibwa pale kiliibwa na mtu aliyekuwa anatafuta hela ya unga, ule wa kulevya. Spika yangu kubwa, ile niliyokuwa najaribia redio za wateja, iliondoka mchana kweupe nikiwa nimeinama natafuta skrubu iliyoanguka. Nilipoinua kichwa niliuona mgongo wa Yunus ukikata kona. Benadetha, mke wangu, aliniambia nisamehe. Nilimwambia asamehe yeye, spika haikuwa yake.

Kwa hiyo ninapomsifu Bi Zabibu, ambaye ndiye aliyemlea huyo Yunus, mjue kwamba sifa hii imenitoka kwa shida. Tumekuwa majirani miaka mingi, na bado kuna siku namwona anapita na kikapu chake kichwani, nakaa najiuliza mtu wa namna ile ametokeaje katikati yetu sisi.

Babu yake alikuja Bukoba na watu wa Pwani enzi za biashara ya kahawa akaoa Mhaya, ndiyo maana Bi Zabibu anaswali swala zake zote kwa wakati na anagombana kwa Kihaya. Kazi yake ni akamwani, zile kahawa tunazotafuna. Anazinunua zikiwa bado mbichi, anazichemsha na majani yake ya kunukia, anazianika mpaka zikauke, kisha anazifunga kidogo kidogo katika vipande vya gamba kavu la mgomba na kuvikaza kwa kamba ya mgomba huohuo. Ncha ya kamba anaisokomeza ndani isionekane. Wafungaji wengine pale sokoni wanaiacha ncha imening'inia nje, yeye hataki. Wateja wake wanakijua kifurushi chake kwa mbali.

Sisi huku mgeni hapewi kahawa hivihivi. Mwenyeji anafungua kifurushi mbele yake, anatafuna punje yeye kwanza, ndipo anamnyooshea mgeni. Zamani ilikuwa ni kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu. Siku hizi imebaki adabu tu, na wengi wetu tunaifanya huku tunawaza mengine. Bi Zabibu hawazi mengine. Ukimtembelea atakufungulia, atatafuna taratibu akikutazama usoni, na utajisikia kwamba jambo fulani zito limefanyika kati yenu.

Huyu ndiye tuliyemchagua kuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Tulimchagua kwa sababu hana maneno mengi na kwa sababu wengine wote walikataa.

Wakati huo unga ulikuwa umeshaingia mtaani, na polisi nao wakawa wanaingia kila mara kuutafuta. Polisi wakija kupekua nyumba wanatakiwa wawe na shahidi wa mtaa, na shahidi huyo mara nyingi ni balozi. Mabalozi ninaowajua mimi wanasimama mlangoni, wanapiga miayo, wanatia sahihi, wanarudi kwenye chai yao. Bi Zabibu mara ya kwanza aliitwa kwenye nyumba ya Protase, dereva wa bodaboda, aliyeshukiwa kwa sababu macho yake ni mekundu. Mtu anayeendesha pikipiki kwenye vumbi kutwa nzima, ulitaka macho yake yawe ya rangi gani?

Walipofika mlangoni Bi Zabibu aliwazuia. Alifungua fundo la kanga yake mbele ya kila mtu, akatoa hela zake na tasbihi yake, akaviweka juu ya kigoda. Akakung'uta kanga. Kisha akamgeukia koplo aliyekuwa mbele, akamwita kwa neno la heshima la Kihaya.

"Na wewe, waitu, geuza mifuko kabla hujaingia."

Koplo alicheka. Alipoona mama hacheki naye, akakasirika. "Unanituhumu mimi, mama?"

"Sikutuhumu. Mimi nimeshageuza, je, nimejituhumu? Mgeni akija kwangu natafuna kwanza ndipo nampa. Wewe leo ndiye unayeingia na neno lako kwenye nyumba ya mtu. Onyesha kwanza."

Watu walikuwa wamejaa pale nje, na koplo aliona aibu ya kukataa ni kubwa kuliko aibu ya kukubali. Alitoa leso, kijiti cha meno na pipi moja. Nyumba ilipekuliwa na haikukutwa na kitu. Wakati wanaondoka Bi Zabibu alimwambia koplo, bila kejeli yoyote, "Umeona sasa? Hata kama mngekuta kitu, na Protase akapiga kelele kwamba umemwekea, mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia anasema uongo." Koplo akapanda gari. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kupekua katika nyumba zetu kumi aligeuza mifuko kwanza, na wa kwanza kugeuza alikuwa balozi mwenyewe.

Mtaani walisema anawalinda wauza unga. Nilisema hivyo mimi pia, tena kwa sauti. Niliona kwamba kama polisi wangeachiwa kila mlango wangesafisha mji kwa wiki moja na mimi ningepata spika yangu. Niliudhika zaidi kwa sababu nilijua nyumbani kwake anakaa nani.

Yunus ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Alikuwa kijana mzuri, mchangamfu, anayejua kuongea na wateja. Alikwenda visiwani kule Muleba kununua dagaa, akakaa na wavuvi waliotoka pande zote za ziwa, akarudi mara ya kwanza na simu kubwa na viatu vipya. Mara ya pili alirudi na simu bila viatu. Mara ya tatu alirudi amekonda, anajikuna, anasinzia akiwa amesimama, na wote tukajua. Bi Zabibu alimpeleka hospitali. Alimsomea dua. Alimfungia ndani, akamfungulia, akampa kazi ya kuanika kahawa ili mikono yake isikae bure. Kuna vipindi Yunus alikaa bila kutumia, akanenepa kidogo, tukaanza kumsalimia. Halafu anapotea, na mtaa mzima unaanza kufunga milango.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa katika kipindi kimoja cha kukaa vizuri. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kibanda, nikamwona Bi Zabibu anakuja bila kikapu. Hilo peke yake lilinishtua.

"Fundi, njoo nyumbani," alisema. "Polisi wamekuja kupekua kwangu. Mtu amewaambia Yunus anaficha unga. Mwenyekiti wa mtaa yuko msibani, nataka wewe uwe shahidi."

"Si wewe ndiye balozi?"

"Siwezi kuishuhudia nyumba yangu mwenyewe."

Nilimwambia atafute mtu mwingine. Nilimkumbusha, kama alikuwa amesahau, kwamba mimi na Yunus hatuna mazuri na kwamba siku wakimfunga nitakunywa soda.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikimleta anayetupenda, watasema alifumba macho."

Nilifunga kibanda nikamfuata. Njiani nilikuwa najisemea kwamba mama huyu ama ni mjinga sana ama mimi simwelewi.

Sajini aliyeongoza anaitwa Derick, mtu mtulivu, mwenye macho ya kuchoka. Alishamjua Bi Zabibu, kwa hiyo hakusubiri kuambiwa. Baada ya mama kukung'uta kanga yake na mimi kutoa bisibisi na vocha zangu, yeye na askari wake wawili waligeuza mifuko na kuweka kila kitu kwenye kigoda. Yunus alikuwa ameketi ukutani, magoti kifuani. Alipoambiwa asimame alisimama. Mifuko yake ilikuwa mitupu.

Walipekua kweli, siwezi kuwasingizia. Waliinua godoro, wakapapasa dari, wakamwaga maharage kwenye ungo na kuyarudisha. Kile kikapu kikubwa cha akamwani kilikuwa sebuleni, kimejaa vifurushi. Askari mmoja alifungua vitatu vya juu, akakuta kahawa, akanusa, akaviacha. Nani atafungua vifurushi vyote vya Bi Zabibu? Mwishowe sajini alifuta jasho akasema hawajakuta kitu. Nilimwona Yunus akiteremsha mabega.

Nilivunjika moyo, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimetaka wakute.

Polisi walikuwa tayari wameshaanza kuchukua vitu vyao kwenye kigoda Bi Zabibu aliposema, "Hamwondoki hivyo. Mmeingia kwangu, mtapata kahawa." Sajini Derick, ambaye mama yake ni Mhaya, alikaa. Huondoki kwenye nyumba ya Mhaya ukiwa mdomo mtupu, hata kama umekuja kumkamata mwanawe. Bi Zabibu aliingiza mkono kwenye kikapu, katikati ya vifurushi, kama anavyofanya siku zote, na akatoa kimoja.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Niliuona mkono wake ukisimama. Kifurushi kilikuwa mkononi na ncha ya kamba ilikuwa imening'inia nje.

Niliitazama ile ncha, nikamtazama Yunus, na uso wa Yunus ulikuwa umeshaniambia kila kitu. Kijana yule alikuwa ameficha unga wake mahali ambapo hakuna mtu wa Bukoba angethubutu kupekua, na akasahau kwamba ni mahali palepale anapokirimiwa mgeni. Hakuna aliyejua kitu isipokuwa sisi watatu. Sajini alikuwa amenyoosha kiganja, anasubiri. Bi Zabibu angekirudisha tu kifurushi kikapuni akatoa kingine, angetafuna, wangetafuna, wangeaga. Na mimi? Sijui ningesema nini. Namshukuru Mungu kwamba sikuulizwa.

Bi Zabibu alikigeuza mkononi, akaipapasa ile ncha kwa kidole gumba. Kisha akakiweka kifurushi juu ya kigoda, mbele ya sajini.

"Hiki sikukifunga mimi," alisema.

Sikuwahi kuogopa mbele ya binadamu kama nilivyoogopa pale. Siyo kwamba nilimwogopa yeye. Niliogopa jinsi nilivyoogopa nilipokuwa mdogo, radi ilipopiga mti wa jirani tukiwa dirishani. Mwanamke anamtoa mtoto aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe, katika nyumba yake, wakati hakuna aliyemlazimisha. Hasira yangu yote juu ya spika sikuiona ilipokwenda.

"Mama," alisema Yunus. "Mama, umenimaliza."

Bi Zabibu alimshika sajini mkono kabla hajakigusa kifurushi. "Subiri, waitu. Kitafunguliwa hapa, mbele ya Fundi, na kitahesabiwa kwa sauti."

Kilifunguliwa. Zilikuwa kete mbili za unga. Sajini alihesabu, mimi nikahesabu, mama akahesabu. "Mbili," alisema. "Hazitaongezeka njiani." Aliomba zifungwe na kutiwa lakiri palepale, na zikafungwa. Halafu, na hapa ndipo nilipoona kwamba mtu huyu simuwezi, alitoa kifurushi kingine, cha ncha iliyosokomezwa, akakifungua, akatafuna punje moja huku machozi yanamtoka, akawanyooshea polisi. Walitafuna wote. Hakuna aliyeweza kukataa.

Wakati wanampakia Yunus garini nilimuuliza Bi Zabibu kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, sijui kwa nini nilikuwa mkali.

"Ningekirudisha kikapuni," alisema, "kesho ningemwambia polisi gani ageuze mfuko wake? Na kwa nyumba ya nani?" Alijifuta uso kwa kanga. "Halafu wangeondoka, Fundi, na yeye angekwenda kutumia zile kete. Ungependa niseme nimemwokoa?"

Kama kisa kingeishia hapo ningemheshimu tu na kumwona mgumu. Lakini jioni ileile Yunus alianza arosto mahabusu, ule ugonjwa wa kukosa unga, na nani aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kituo na chupa ya uji? Nilimkuta hapo nilipokwenda kuandikisha maelezo yangu. Kutoka ndani tulimsikia Yunus anatapika na kulia na kuomba afe. Mtu mmoja pale kaunta alisema acha aonje, ndiyo dawa yao. Ni maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi kibandani, na watu wameyacheka. Siku hiyo hayakunichekesha, kwa sababu sauti nilikuwa naisikia.

Bi Zabibu alisimama akaenda kwa Sajini Derick.

"Afande, asubuhi nimekupa kete zako," alisema. "Sasa nipe mgonjwa wangu apelekwe hospitali."

"Mama, huyu ni mtuhumiwa."

"Ni mtuhumiwa na ni mgonjwa. Mfunge pingu, weka askari mlangoni, mimi sitakulaumu. Ila nimekwambia ukweli uliokuwa unauma, na wewe niambie ukweli. Huyo unayemsikia ni mzima?"

Sajini alichukua funguo mezani akaagiza gari. Walimpeleka Yunus hospitali akiwa na pingu mkono mmoja, na Bi Zabibu akakaa upande wa mkono ule mwingine mpaka arosto ikamwacha. Wakati wote huo Yunus hakumsemesha.

Mahakamani niliitwa kama shahidi. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama nina uhusiano wowote na mshtakiwa. Nilisema ndiyo, aliniibia spika. Watu walicheka na hakimu akawanyamazisha. Mwendesha mashtaka akaniuliza zilikuwa kete ngapi. Nilisema mbili, nilihesabu mwenyewe, na kwamba waliokuwemo mle ndani wote waligeuza mifuko kabla ya kuingia. Mtaani watu walikuwa wanasema Yunus ni muuzaji, ana mzigo. Ukiwa muuzaji unakwenda usikorudi. Lakini hakuna aliyeweza kuzifanya zile kete kuwa zaidi ya mbili, wala kuzifanya zisiwepo. Nilipokuwa nashuka kizimbani niligundua kwamba nimemtetea mwizi wangu, na kwamba nimemtetea kwa kusema tu kile nilichokiona. Hakimu, mama wa makamo, alisikiliza pia maneno ya daktari, akamtia hatiani kwa kukutwa na kete za kutumia mwenyewe, kisha akaamuru aende kwenye matibabu chini ya uangalizi badala ya jela.

Alipelekwa Ngenge, kule Muleba, kwa mzee mmoja anaitwa Nathanieli. Ni mzee wa kanisa, alimzika mwanawe kwa sababu ya unga, na tangu hapo anawapokea vijana wa namna hiyo shambani kwake, wawe wa dini yoyote. Wanalima mahindi na mpunga, wanakula pamoja, na muuguzi anapita kuwaangalia.

Msimu wa kuvuna Bi Zabibu aliniomba nimsindikize. Nilisema nina kazi. Benadetha alinitazama, nikaenda. Tulipanda basi mpaka Muleba, kisha bodaboda, na mama amekumbatia mfuko wa sukari njia nzima. Alikuwa na wasiwasi. Yunus hakuwa amemsemesha tangu siku ile, wala hakuwa amemtumia hata salamu. "Labda hatatoka kutuona," aliniambia. Kwenye lango la mzee Nathanieli wageni hukaguliwa. Kabla hajaambiwa, Bi Zabibu alishafungua fundo la kanga.

Mzee alituketisha. Hakutuficha kitu: alisema Yunus aliwahi kutoroka, akapotea, kisha akarudi mwenyewe kwa miguu amechafuka, akaomba jembe. Alisema hajui kama atatoroka tena. Nilimpenda kwa kutosema uongo.

Yunus alitoka. Alikuwa amenenepa, ana malengelenge mikononi. Alisimama mbele ya mama yake. Kisha alipiga goti akamwamkia kwa Kihaya kama mtoto anavyomwamkia mzazi, na Bi Zabibu akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Baadaye alileta kifurushi. Walikuwa wamepata kahawa kwa jirani wakachemsha wenyewe. Ncha ya kamba ilikuwa imesokomezwa ndani, vibaya vibaya, lakini ndani. Alikifungua mbele yangu mimi, mgeni wake. Alichukua punje ya kutafuna yeye kwanza, na nilijua anajua ninachokifikiria, kwamba nani atakula kitu kilichofungwa na teja.

Nilinyoosha mkono nikachukua punje nyingine kabla yake, nikaitia mdomoni.

Bi Zabibu aliacha kutafuta kitu alichokuwa anakitafuta kwenye mfuko wake. Yunus alibaki ameshika ile punje yake hewani, na macho yakamjaa. Mimi nilitafuna. Ilikuwa chungu, haikuchemshwa ikatosha, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba spika yangu bado naitaka.